Boksi la mjomba, na kazi ya kutunza vitu vya vita ambavyo wenyewe bado wapo hai

Swali: Shikamoo. Nina miaka 27, nimesoma historia chuoni na natamani sana kufanya kazi makumbusho, upande wa vita vya karibuni, vile vya miaka ya 70 mpaka 90. Watu wananiambia hiyo ni kazi ya wanajeshi wastaafu wanaojua bunduki. Naomba uniambie ukweli, kazi ikoje, natakiwa nijue nini, na je haiumizi roho? La pili, mjomba wangu alikuwa askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa kule Bosnia mwaka 1994. Ana boksi chini ya kitanda, lina bereti ya bluu, kaseti, albamu ya picha, karatasi za faksi, kipande cha chuma na kitambulisho cha mtu ambaye hatumjui. Anataka nilichukue mimi. Nifanye nini nalo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma jana usiku na leo asubuhi nimelirudia, hasa pale mwisho kwenye hicho kitambulisho. Nitafika huko na nitakaa sana huko, ila acha kwanza nijibu la kazi yenyewe, manake ukishalielewa hilo hata boksi la mjomba utaliangalia tofauti.

Mimi ni mhifadhi wa makumbusho, wengine wanasema kyureta, na mkusanyo ninaoushika ni wa vita vya mwisho mwisho wa karne ya 20. Huu ni mwaka wa 19 nipo kwenye hii kazi. Kuhusu bunduki, waliokuambia hivyo hawajakaa stoo yetu hata siku moja. Bunduki ni sehemu ndogo na kwa kweli ndio sehemu rahisi, ina namba ya kiwanda, ina alama za nchi ilikotengenezwa, ukikwama unampigia anayezijua na baada ya muda mfupi una jibu. Kinachonitoa jasho mimi ni sweta ya mtoto. Sweta haina namba, haina alama, imefumwa na mtu kwa uzi uliofumuliwa kwenye sweta nyingine, na kama aliyeileta hakuulizwa vizuri siku ile aliyoileta basi ni sweta tu, unaweza ukaikuta hata mtumbani.

Sisemi bunduki haina la kusema. Pale British Museum kuna kiti kinaitwa Throne of Weapons, kimetengenezwa mwaka 2001 na msanii wa Msumbiji anayejulikana kama Kester, chote kwa vipande vya silaha zilizokatwakatwa. Vita ya Msumbiji iliisha 1992, halafu mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi ile likaanzisha mpango wa watu kusalimisha silaha na kupewa majembe, baiskeli, cherehani. Sasa ukikaa na kile kiti ukasoma chuma kimoja kimoja unakuta hiki kimetoka Umoja wa Sovieti, hiki Ureno, hiki Poland, hiki Korea Kaskazini, hakuna hata kimoja kilichotengenezwa Msumbiji. Huhitaji kuwa mwanajeshi kuona hilo, unahitaji macho na subira.

Sasa sikia kitu ambacho nadhani hakuna aliyekuambia. Mwenzangu wa chumba cha pili anashika Vita vya Kwanza vya Dunia. Yeye akipata barua, aliyeiandika alishafariki zamani, aliyeandikiwa naye alishafariki, hata mtoto wao labda hayupo. Mimi aliyeandika barua ananipigia simu. Kijana aliyekuwa na miaka 19 kwenye vita ya Falklands, ya Uingereza na Argentina, mwaka 1982 leo ndio amepita 60, ana nguvu zake, anakumbuka, na anaweza akaja kusimama mbele ya kabati akasoma lebo yangu akaniambia hapa umekosea, siku hiyo sisi hatukuwa upande huo wa kilima. Na pembeni yake anaweza akasimama mama ambaye mtoto wake aliuawa na upande wa huyo huyo kijana. Wote wawili wana haki ya kusimama pale. Ndio kazi yenyewe hiyo, mengine yote, katalogi, joto la stoo, maonyesho, fomu, yamezunguka hapo.

Nikupe mfano mmoja kwa karibu. Miaka kadhaa nyuma alikuja mama mmoja na kitu amekikunja kwenye mfuko, akakiweka mezani. Ni kipande cha plastiki ile nzito inayopitisha mwanga, urefu kama mita moja na kidogo, pembeni kote matundu ya misumari, kona moja imeungua, na katikati herufi za bluu za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zimekatwa zimebaki mbili na nusu. Alikulia Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, wakati mji umezingirwa, na mji ule ulizingirwa siku 1,425, kuanzia Aprili 1992 mpaka tarehe 29 Februari 1996, vioo vya madirisha vikaisha kwa mabomu, watu wakagawiwa hizo plastiki wazibe madirisha.

Mimi nilikuwa na haraka siku ile, nakiri, nilikuwa nimeshaandika kwenye fomu "plastiki ya kuzibia dirisha, imechakaa, kona imeungua" na nilikuwa naelekea kumpa karatasi ya kusaini. Kwa bahati nikamuuliza kona hii iliunguaje, akakaa. Tukakaa saa mbili na zaidi. Akaniambia kona iliungua kwa mshumaa wa mdogo wake. Akaniambia usiku upepo ukipiga ile plastiki ilikuwa inavuta pumzi, inaingia ndani inatoka nje, na mpaka leo akisikia turubai linapigapiga kwenye lori moyo unamwenda mbio. Akaniambia tena kwamba plastiki ile inapitisha mwanga ila haionyeshi mtu, kwahiyo kwa karibu majira matatu ya baridi hakuona uso wa mtu kupitia dirisha, aliona vivuli tu, na akaanza kuwatambua majirani kwa mwendo. Baba yake alimjua kwa kuchechemea. Siku moja kile kivuli cha kuchechemea hakikurudi.

Nilichana ile fomu nikaandika upya. Kitu ni kile kile, namba ya usajili ni ile ile, ila sasa mtafiti wa miaka 80 ijayo akikifungua kile kisanduku atajua kwa nini kilitunzwa. Na sikia, baadae tulipokea plastiki nyingine ya aina ile ile kabisa, herufi zile zile, huyu aliyeleta alikuwa mtoto kwenye kambi za Goma mwaka 1994, watu mamia ya maelfu walipovuka kutoka Rwanda, na kwao haikuwa dirisha, ilikuwa paa, na shida yake haikuwa vivuli, ilikuwa maji yanakusanyika katikati usiku mpaka mtu aamke ayasukume kwa fimbo. Plastiki mbili zinazofanana, ukizibadilisha sanduku kwa bahati mbaya umewaibia watu wawili. Ndio manake nawaambia vijana wanaokuja kujitolea, kwenye mkusanyo huu lile karatasi la maelezo ni nusu ya kitu, na likipotea hamna fundi wa kulirudisha.

Sasa hapo hapo kwenye kusikiliza ndio kwenye hatari. Ukimkalisha mtu ukamrekodi unakuwa umeshika maisha yake na ya wengine aliowataja. Kuna mfano maarufu, mradi wa Boston College kule Marekani, kati ya 2001 na 2006 walirekodi watu waliokuwa kwenye makundi ya silaha ya pande zote mbili za mgogoro wa Ireland ya Kaskazini, wakawaahidi kwamba rekodi hazitatoka mpaka wafe. Mwaka 2011 polisi wa Ireland ya Kaskazini, kupitia serikali ya Marekani, wakazidai mahakamani kwa ajili ya uchunguzi wa mauaji, na baadhi zikatolewa. Ahadi ile haikuwa na nguvu mbele ya sheria. Mimi nililichukulia hilo kwa uzito sana, kuanzia hapo simwahidi mtu kitu ambacho siwezi kukitimiza. Namwambia wazi kabla sijawasha kinasa sauti, nikipewa amri ya mahakama nitatoa, kwahiyo kama kuna jambo linaweza kumfunga mtu usinisimulie mimi, mtafute mwanasheria. Wengine wanaghairi na kuondoka. Inauma, unaona historia inatoka mlangoni, ila bora hivyo kuliko kumdanganya.

Lingine ni nani aliyepiga picha na kwa ajili gani. Mwaka 2015 pale Kampala, kwenye shirika la utangazaji la taifa, zilikutwa negativu kama 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Idi Amin, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Uganda likafanya maonyesho. Sasa fikiria wewe ndio mhifadhi. Picha ni nzuri, za kiufundi, Amin anacheza ngoma, Amin anafungua mkutano, umati unapiga makofi. Waliouawa hawamo, manake mpiga picha wa serikali hakutumwa huko. Ukizitundika tu ukutani kama zilivyo unakuwa umefanya kazi ile ile waliyoifanya wao miaka ya 70. Inabidi utafute namna ya kuwaingiza wale wasiopigwa picha, majina yao, familia zao, vitu vyao. Hilo halifundishwi kwenye kozi ya wiki mbili.

Upande wa pili pia kuna mtego. Pale Tuol Sleng, Phnom Penh, gereza la Khmer Rouge, kundi lililotawala Cambodia, la kati ya 1975 na 1979 ambako zaidi ya watu 12,000 walipita na karibu wote wakauawa, kuna picha za wafungwa walizopigwa siku wanaingia. Mwaka 2021 mtu mmoja alizitia rangi, na baadhi akazibadilisha sura zikawa zinatabasamu, zikachapishwa kwenye chombo cha habari, familia na serikali ya Cambodia wakalalamika zikaondolewa. Nilipoziona nilishindwa kuendelea na kazi siku ile. Ule uso wa hofu ndio ushahidi wa mwisho aliouacha yule mtu, ukiugeuza tabasamu umemnyang'anya. Kwahiyo ukija kufanya kazi hii na ukaambiwa picha "iboreshwe kidogo" ili ivutie, kataa, hata kama anayesema ni bosi wako.

Uliuliza siku inaendaje. Sehemu kubwa ni kukaa. Barua pepe za watu wanaoulizia vitu vya baba zao, kuingiza taarifa kwenye programu ya katalogi, kuhakiki kwamba kisanduku namba fulani kweli kipo rafu hiyo kilipoandikwa, vikao vya kuamua tupokee nini na tukatae nini (kukataa ni kugumu, mtu kabeba kofia ya marehemu mumewe na wewe stoo una kofia 40 za aina ile ile zisizo na maelezo), kuandika lebo ya maneno 60 kuhusu vita iliyoua watu maelfu na kubishana nusu siku kuhusu neno moja. Hata jina la mahali ni ugomvi, Falklands au Malvinas, au kule Ireland ya Kaskazini, Derry au Londonderry, ukichagua moja tayari kuna mtu umemsukuma nje. Sisi huwa tunatumia jina alilotumia mwenye kitu kwenye maelezo yake, halafu kwenye lebo tunaeleza yote mawili. Haijawahi kumridhisha kila mtu.

Halafu kuna kuoza. Hili watu hawaliamini, wanadhani vitu vya zamani zaidi ndio vinaoza zaidi, kumbe ni kinyume. Upanga wa miaka 300 ukiutunza kwenye hewa kavu utakaa mingine 300. Vitu vya miaka ya 70 hadi 90 ni plastiki, sponji, mkanda wa sumaku, karatasi rahisi, na vinakufa mikononi mwetu. Sponji ya ndani ya hedifoni inakuwa unga. Soli ya buti iliyotengenezwa kwa poliyurethani inapasuka yenyewe na kumeguka bila hata kuvaliwa. Koti la mvua la PVC linatoa majimaji yananata, ukiliweka kwenye karatasi ya kawaida ndio basi, vimeshikana. Filamu za asetati zinaanza kunuka siki, na ukisikia harufu hiyo ujue kuoza kumeshaanza, unachoweza ni kuzipunguzia mwendo kwa kuziweka kwenye ubaridi na kuziskani haraka. Kanda za VHS zinapoteza sauti na picha, na hata kama kanda ni nzima, kiwanda cha mwisho cha mashine za kuzichezea, Funai cha Japani, kiliacha kuzitengeneza mwaka 2016, tunaishi kwa kununua mashine mbovu na kunyofoa vipuri.

Ila mimi kinachonikosesha usingizi ni faksi. Vita vya miaka ya 80 na 90 viliandikwa kwa faksi, taarifa za mashirika ya misaada, orodha za waliopotea, barua za waandishi wa habari, na nyingi zilitoka kwenye ile karatasi laini inayoandika kwa joto. Maandishi yake yanafifia. Ukiiacha kwenye jua, au kwenye mfuko wa plastiki, au mahali pa joto, inabaki karatasi tupu ya rangi ya kijivu. Nimeshafungua faili lililoandikwa nje kwa kalamu "orodha ya majina" na ndani kuna kurasa sita nyeupe. Sita. Tulijaribu mwanga wa pembeni, tukajaribu kamera maalumu, tukapata majina kumi na kitu tu.

Na hatari za mwili nazo zipo, hili nalisema kwa mkazo. Watu wanaleta vitu ambavyo havijalipuka. Sheria yetu hakuna silaha, bomu, risasi wala kipande chochote cha hivyo kinachoingia jengoni bila cheti cha mtaalamu wa milipuko kwamba ni tupu. Mwaka fulani mgeni alitoa guruneti kwenye begi la mgongoni pale mapokezi, anasema babu aliliweka juu ya kabati miaka 20 halina shida, tukatoa watu wote nje. Filta za baadhi ya maski za gesi zina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Saa na vipimo vya zamani vina rangi inayong'aa gizani yenye mionzi. Visanduku vya huduma ya kwanza vya askari vinaweza kuwa na sindano ndogo za mofini, na mofini ni dawa ya kulevya kisheria hata kama ni ya 1982. Kwahiyo kwanza glavu, kwanza kuuliza, ndio kugusa.

Kama inaumiza roho? Ndio, inaumiza, na anayekuambia amezoea usimuige. Kuna miezi nilikuwa naandika mahojiano ya kanda, maneno kwa maneno, na nikaanza kuota ndoto za watu wengine. Tulichojifunza ni vitu vidogo vidogo vya utaratibu. Mtu mmoja hasikilizi kanda mbili za mauaji mfululizo, katikati lazima afanye kazi ya mikono kama kupima au kufunga visanduku. Picha za maiti zinalala kifudifudi kwenye bahasha na nje imeandikwa kilichomo ili asiifungue mtu bila kujiandaa, hata mfanyakazi wa usafi. Na mwenye asili ya vita husika hapewi mkusanyo wa nyumbani kwake bila kuulizwa kama anautaka. Nilimwona mwenzangu akikutana na mtaa wake kwenye picha bila onyo, sitaki tena.

Masomo nitapita haraka. Historia inatosha kuanzia, ongeza ujuzi wa kuhifadhi kumbukumbu au masomo ya makumbusho ukiweza. Lugha moja ya ziada ya eneo la vita unayoipenda ina thamani kuliko cheti cha tatu, manake ukisoma barua bila mkalimani unasikia vitu ambavyo mkalimani atavilainisha. Jitolee kwenye kuskani na kuandika katalogi, hata mahali padogo, hata kwenye nyaraka za kanisa au chama cha wastaafu. Na usiwekeze macho kwenye makumbusho peke yake. Nyaraka za mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyofungwa 2015 zinatunzwa Arusha, za ile ya Yugoslavia iliyofungwa 2017 zipo The Hague, huko nako wanahitaji watu wa aina yako. Kule Sarajevo kuna makumbusho ya utoto wa vitani, yamefunguliwa 2017, yamejengwa kwa vitu vya watu waliokuwa watoto wakati wa vita, kila kitu na hadithi ya mwenyewe. Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa inavyotakiwa, fuatilia wao.

Haya, boksi. Nafurahi sana kwamba mjomba yupo na kwamba yeye ndiye anayetaka ulichukue. Lakini usilichukue kwanza. Ukilibeba likiwa limefungwa ukaja kulifungua kwako, umechukua vitu umeacha maelezo chini ya kitanda.

Kile kipande cha chuma usikiguse, muulize mjomba ni nini. Hata akisema ni gamba tu la kombora lililopasuka, kama kina umbo la mviringo, kina uzi wa skrubu, kina rangi au kina kitu ndani, waite polisi au kikosi cha mabomu waje wakiangalie hapo hapo kilipo. Usiogope kuonekana muoga.

Karatasi za faksi zipige picha siku hiyo hiyo, usingoje wikiendi, kila ukurasa, na usizipitishe kwenye mashine ya kulaminisha kabisa, joto litazigeuza nyeusi zote kwa mara moja. Zitoe kwenye plastiki, ziweke kwenye bahasha ya karatasi nyeupe, gizani, mahali pa baridi. Kaseti usizijaribu kwenye redio ya zamani iliyokaa miaka bila kusafishwa, itatafuna mkanda, tafuta anayejua kuhamisha sauti kuwa faili la kompyuta, na kabla hujampa muulize mjomba kuna sauti ya nani humo. Albamu, kama ni ile ya kurasa za kunata, usizibandue picha kwa nguvu, zipige picha zikiwa humo humo kwa mpangilio wake, manake mpangilio aliouchagua nao ni maelezo. Bereti ni ya mwisho, yenyewe haina haraka, angalia nondo tu.

Sasa kitambulisho. Baada ya vita vya Bosnia zaidi ya watu 30,000 walihesabiwa kuwa wamepotea, na mpaka leo zaidi ya 7,000 hawajapatikana. Kuna familia zinaishi na hilo kila siku. Kitambulisho kilichookotwa na askari wa kulinda amani mwaka 1994 kinaweza kuwa cha mtu aliyekidondosha akikimbia na leo anaishi salama mahali. Kinaweza pia kuwa kitu cha mwisho kinachosema mtu huyu alikuwa mahali hapa tarehe hii. Usikiweke kwenye mtandao. Najua utashawishika, utafikiri ukiposti atapatikana haraka, ila hujui nani anamtafuta na kwa sababu gani, na familia isijue habari ya mtoto wao kwa picha inayozunguka kwenye simu. Kipige picha mbele na nyuma, kiweke kwenye bahasha safi peke yake, kisha wasiliana na ofisi ya Msalaba Mwekundu, wana kitengo cha kutafuta ndugu waliopotea, na kuna pia Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea, ICMP, iliyoanzishwa 1996 kwa ajili ya hivi hivi. Wao watakuambia kipelekwe wapi. Makumbusho, hata yangu, tusipewe kitambulisho hicho kabla ya wao. Mimi ningekikataa.

Watakachokuuliza kwanza ni kilipatikana wapi na lini, na hilo analijua mjomba peke yake. Inawezekana hajawahi kulisema. Kwahiyo mtafutie siku ambayo hamna wageni, simu yako iwe inarekodi kwa ruhusa yake, mwambie anaweza kusimama muda wowote na kwamba asilotaka kusema asiseme. Usianze na kitambulisho. Anza na bereti, muulize alipewa siku gani na ilimkaa vipi kichwani, halafu albamu, ukurasa kwa ukurasa, nyuma ya kila picha (kama zimenata, kwenye karatasi ya pembeni) unaandika kwa penseli laini, sio kalamu ya wino, nani, wapi, mwezi gani. Akifika mwenyewe kwenye kitambulisho, nyamaza, mwache. Asipofika siku hiyo, funga boksi, lirudishe chini ya kitanda, urudi wiki ijayo.

Ukishapata mahali na mwezi, hata kama ni kwa kukisia, niandikie, nitakusaidia kuandika ile barua ya kwenda Msalaba Mwekundu.